Jinsi ya Kuhudhuria Mdahalo wa Wagombea Chuoni: Mwongozo Kamili kwa Mpiga Kura wa Kenya

Usiku wa tarehe 26 Julai 2022, katika Chuo Kikuu Kikatoliki cha Afrika Mashariki kilichoko Lang'ata, Nairobi, William Ruto alisimama peke yake jukwaani akijibu maswali ya urais, kwa kuwa mshindani wake mkuu, Raila Odinga, alikuwa amekataa kushiriki. Miaka mitano kabla ya hapo, tarehe 24 Julai 2017, katika chuo hicho hicho, Raila ndiye aliyesimama peke yake baada ya Uhuru Kenyatta kukosa kufika. Wiki moja kabla ya mdahalo huo wa 2017, zamu ya wagombea wenza ilipofika, aliyejitokeza alikuwa mmoja tu, Muthiora Kariara, mwenza wa mgombea wa kujitegemea Japheth Kaluyu, ambaye wengi walimwona kwa mara ya kwanza usiku ule.

Nayataja haya mapema kwa sababu mtu anayepanga kwenda kwenye mdahalo anapaswa kujua anakokwenda. Mdahalo si sherehe, na mgombea hana lazima ya kisheria ya kufika. Hata hivyo, kwa mwananchi wa kawaida, ni nafasi adimu ya kumwona anayeomba kura yake akiulizwa swali ambalo hakulichagua, mbele ya mpinzani wake, bila ngoma wala muziki wa kampeni kumfunika. Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027, na kumbi za vyuo zitafunguliwa tena. Nimehudhuria midahalo kadhaa ya ngazi ya kaunti na ya eneo bunge, na ninaamini kwa dhati kwamba aliyeketi ukumbini akiwa na swali moja lililoandaliwa vyema anaifanyia jamii yake kazi kubwa kuliko anayejaza uwanja mzima kwa vifijo.

Jua kwanza ni mdahalo gani

Midahalo ya urais hutayarishwa na vyombo vya habari kwa ajili ya televisheni na redio, na chuo huwa ni mwenyeji wa ukumbi. Viti vyake ni vichache na hutolewa kwa mwaliko, hivyo kufika langoni bila jina lako kuwa kwenye orodha ni kujisumbua. Ikiwa wewe ni mwanafunzi wa chuo mwenyeji, ulizia mapema katika ofisi ya mkuu wa wanafunzi au kwa viongozi wa chama cha wanafunzi kama kuna viti vilivyotengewa chuo. Ikiwa si mwanafunzi, njia iliyo wazi zaidi ni kupitia shirika au kikundi chako cha kijamii, kwa maana waandaaji hupenda kualika makundi ya vijana, wanawake, watu wenye ulemavu na wafanyabiashara ili ukumbi usiwe wa watu wa aina moja.

Midahalo ya ugavana, useneta, ubunge na uwakilishi wa wadi ni jambo jingine. Huandaliwa na idara za vyuo, vyama vya wanafunzi, redio za mashinani na mashirika ya kiraia, na mara nyingi mlango huwa wazi kwa yeyote mwenye kitambulisho. Kwa maoni yangu hapa ndipo pana faida kubwa zaidi kwa mpiga kura, kwa sababu wasikilizaji ni wachache, kipaza sauti hukufikia kwa urahisi, na mgombea anaishi karibu nawe kiasi kwamba jibu lake linaweza kufuatiliwa.

Kabla ya kujiandikisha, wapigie simu waandaaji na uulize mambo matatu: ni wagombea gani waliothibitisha kwa maandishi kwamba watakuja, nani ataendesha mdahalo, na kama wasikilizaji wataruhusiwa kuuliza au watakaa kimya tu. Jibu la swali hili la tatu ndilo litakaloamua maandalizi yako yote. Uliza pia kama wagombea wote watapanda jukwaa moja. Mwaka 2013, katika mdahalo wa kwanza kabisa wa urais uliofanyika tarehe 11 Februari katika shule ya Brookhouse, wagombea wote wanane walisimama pamoja. Mwaka 2022 waligawanywa katika makundi mawili kulingana na kura za maoni, na George Wajackoyah, aliyetaka kukabiliana na wote kwa pamoja, aliondoka bila kushiriki, akamwacha David Mwaure kujibu peke yake. Mtu aliyekuja kwa ajili ya mgombea fulani anaweza kukuta zamu yake imepita saa mbili zilizopita.

Swali lako lielekezwe kwa kiti kinachohusika

Hili ndilo jambo ninaloliona likiharibika katika kila mdahalo, na ndilo ningependa msomaji alishike hata akisahau mengine yote. Mwananchi anasimama, anamwuliza mgombea wa ugavana kuhusu mikopo ya elimu ya juu, na mgombea anatoa ahadi tamu kwa muda wa dakika mbili. Gavana hana mamlaka yoyote juu ya mikopo hiyo. Ahadi hiyo haimgharimu chochote, na hakuna atakayeweza kumdai.

Dawa yake iko katika Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti 47. Kurasa zake ni chache, na zinastahili kusomwa jioni moja kabla ya mdahalo. Kaunti ndiyo inayosimamia vituo vya afya na hospitali za kaunti, kilimo, masoko, barabara za kaunti, taa za barabarani, maji na usafi, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Serikali ya kitaifa ndiyo yenye polisi, shule za msingi na za sekondari, vyuo vikuu, barabara kuu na hospitali za rufaa za kitaifa. Kwa hiyo zahanati isiyo na dawa ni swali la gavana. Uhaba wa walimu wa sekondari ni swali la rais na wabunge.

Wabunge nao mara nyingi huulizwa yasiyowahusu. Kazi ya mbunge ni kutunga sheria, kupitisha bajeti ya taifa na kuichunguza serikali, ingawa wapiga kura wengi humjua kwa hazina ya maendeleo ya eneo bunge inayolipa karo na kujenga madarasa. Mwulize kuhusu hazina hiyo, ndiyo, lakini mwulize pia ni sheria gani atakayoipinga au kuiunga mkono, kwa maana hapo hawezi kujificha nyuma ya hundi za karo. Seneta mwulize jinsi atakavyofuatilia fedha zinazotumwa kwa kaunti. Mwakilishi wa wadi, ambaye watu humdharau bila sababu, ndiye anayeketi katika bunge la kaunti linalopitisha bajeti ya kaunti, na ndiye mwenye uwezo wa kumwita waziri wa kaunti aje ajieleze. Ukiwa na swali kuhusu choo cha soko lenu, huyo ndiye mtu wako.

Beba takwimu yenye chanzo

Mgombea hukwepa swali la jumla kwa urahisi. Ukisema kaunti inapoteza pesa, atakubaliana nawe na kuongeza kwamba yeye atazilinda. Ukimsomea takwimu kutoka ripoti ya serikali, hana budi kuijibu au kuonekana wazi kwamba ameikwepa.

Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti ndizo nzuri zaidi kwa kazi hii. Hutolewa kila robo mwaka, zipo kwenye tovuti ya ofisi hiyo, na zinaonyesha kila kaunti ilipata kiasi gani, ilitumia kiasi gani kwa mishahara na kiasi gani kwa maendeleo, pamoja na madeni ambayo wakandarasi bado wanadai. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali naye hutoa ripoti za kila mwaka zinazoeleza fedha ambazo hazikupata maelezo. Usijaribu kusoma yote. Tafuta kurasa za kaunti yako, chagua tarakimu moja au mbili, na uandike ukurasa ulikoitoa.

Ukitaka kipimo cha kulinganishia, sheria imekupa viwili vyepesi kukumbuka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, na kanuni zake za mwaka 2015 zinaweka ukomo wa mishahara na marupurupu kuwa asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Linganisha hali ya kaunti yako na viwango hivyo viwili, na tayari una msingi wa swali ambalo hakuna gavana anayetaka kurudi ofisini atakayelipenda.

Ikiwa habari unayoihitaji haijachapishwa, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Andika barua kwa ofisi ya kaunti wiki kadhaa kabla. Hata usipojibiwa, barua yako iliyopigwa mhuri wa kupokelewa ni ushahidi ambao unaweza kuutaja ukumbini.

Kuandika swali lenyewe

Katika mdahalo wangu wa kwanza nilisimama nikaanza kueleza historia ya barabara ya kwetu tangu enzi za mabaraza ya wilaya. Mwendesha mdahalo alinivumilia kwa dakika mbili, kisha akachukua kipaza sauti. Mgombea alinishukuru kwa "mchango muhimu" na akaendelea na mambo yake. Nilikuwa nimempa nafasi ya kutokujibu.

Baadaye, katika mdahalo mwingine wa ugavana, nilimsikia mama mmoja muuza mboga aliyekuwa ameketi safu ya tatu. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua, akasoma: "Kituo chetu cha afya kina jokofu la chanjo, lakini halijapata stima tangu Machi. Nani anapaswa kulipa stima hiyo, na wewe utailipa lini?" Akaketi. Mgombea akaanza kuzungumzia mpango wake wa afya kwa wote. Mwendesha mdahalo akamrudisha: jokofu. Ukumbi ukanyamaza kabisa, na yule mgombea akalazimika kusema kwamba ni jukumu la kaunti na kwamba ataliweka katika bajeti ya kwanza. Swali lile lilichukua muda usiozidi sekunde 15.

Lichunguze lilivyojengwa. Lina kitu kimoja kinachoonekana kwa macho, lina tarehe, linamlazimisha mtu kusema nani mwenye wajibu, na linaishia kwenye "lini". Andika lako kwa mtindo huo. Anza kwa jina lako na unakotoka, kisha sentensi moja ya ukweli, kisha swali moja. Kwa mfano: "Ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti inaonyesha kwamba kaunti yetu haikufikia asilimia 30 ya maendeleo mwaka uliopita. Ukichaguliwa, ni mradi gani utakaoukamilisha kabla ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 Juni, na ni matumizi gani utakayoyapunguza ili kuulipia?" Sehemu hiyo ya kupunguza ni muhimu mno, kwa kuwa kuahidi ni rahisi na kuchagua ndiko kugumu.

Lisome kwa sauti nyumbani ukiwa na saa mkononi. Likizidi sekunde 30, likate. Mwombe mtu anayeunga mkono upande mwingine wa siasa alisikilize; akihisi kwamba linamshambulia mgombea wake badala ya kumwuliza, badilisha maneno. Andaa pia swali la akiba, kwani mara nyingi mtu aliye mbele yako atauliza lile lile.

Usiogope kutumia Kiswahili

Midahalo mingi ya vyuoni huendeshwa kwa Kiingereza, na watu wengi wenye maswali mazuri hubaki wamekaa kwa sababu hiyo. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Huhitaji kuomba ruhusa wala radhi. Simama, uliza kwa Kiswahili chako, na ikiwa mgombea atajibu kwa lugha usiyoielewa vizuri, mwombe kwa heshima arudie kwa Kiswahili. Mimi nimeona mara kadhaa kwamba mgombea aliyekariri majibu yake kwa Kiingereza husema ukweli zaidi anapolazimika kuyatafuta upya kwa Kiswahili. Wasiosikia wana haki ya kuwasiliana na waandaaji mapema kuhusu mkalimani wa lugha ya ishara. Wasisubiri siku yenyewe, kwani kumpata mkalimani huchukua siku kadhaa.

Siku yenyewe

Fika saa mbili kabla ya muda uliotangazwa. Langoni utaombwa kitambulisho cha taifa au pasipoti, na mwanafunzi ataombwa kadi ya chuo. Mikoba itapekuliwa, na walinzi wa wagombea wakiwasili magari yote husimamishwa. Kwa hiyo nenda na mkoba mdogo au usiende nao kabisa. Unachohitaji ni kitambulisho, daftari dogo, kalamu mbili, swali lako kwenye karatasi, na simu yenye chaji ya kutosha. Chakula na maji mara nyingi huachwa nje, basi kula kabla.

Usivae rangi wala kofia ya chama. Hata pale isipokatazwa, ukiwa umevaa sare ya chama mwendesha mdahalo atakuhesabu kuwa mfuasi, na hatakupa kipaza sauti, au atakupa huku ukumbi ukiguna kabla hujafungua kinywa.

Kwa mdahalo wa Lang'ata nilioutaja mwanzoni, matatu za Rongai zinazopita barabara ya Magadi ndizo zinazowafaa wengi wanaotoka katikati ya jiji. Lakini popote uendako, panga safari ya kurudi kabla ya safari ya kwenda. Midahalo ya televisheni huanza jioni na kumalizika usiku, wakati matatu zimepungua na nauli imepanda. Kubalianeni watu watatu au wanne mnaotoka upande mmoja, na mkutane mahali maalumu ndani ya chuo baada ya mdahalo, si nje ya lango ambako wafuasi wa pande zote hukusanyika wakiimba.

Ukiingia ukumbini, usikimbilie safu ya mbele. Viti hivyo huwa vimetengwa, na aliyeketi hapo huonekana na kamera lakini hasogezewi kipaza sauti. Keti kwenye kiti cha mwisho wa safu, karibu na ujia, katikati ya ukumbi. Wahudumu wa vipaza sauti hupita ujiani, na anayeweza kufikiwa bila kuwainua watu wanane ndiye anayechaguliwa. Mtafute mhudumu wa upande wako kabla ya mdahalo kuanza, msalimie, mwambie una swali fupi kuhusu jambo fulani. Hilo si hila. Anahitaji kujua nani yuko tayari.

Namna ya kusikiliza

Gawa ukurasa wa daftari kwa safu tatu: mgombea alichosema, kipimo au tarehe aliyotaja, na chanzo kama alikitaja. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Baada ya nusu saa utaona jambo la kushangaza: safu ya kwanza imejaa, na zile mbili nyingine zina nafasi nyingi wazi. Nafasi hizo ndizo habari kubwa ya usiku huo.

Tazama pia yale ambayo kamera haiyaonyeshi. Mwenzake anapozungumza, mgombea anaandika, anasikiliza, au ananong'onezana na wasaidizi? Wakati wa mapumziko anazungumza na nani? Anapoulizwa na mtu maskini, anamtazama usoni? Haya hayapimi sera, lakini yanakupa fununu ya jinsi atakavyokupokea siku utakapobisha mlango wa ofisi yake.

Usipige kelele, usizomee, hata anaposema uongo ulio wazi. Kila sekunde ya kelele ni sekunde anayopumzika. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza matamshi ya chuki ya kikabila, na ukumbi uliojaa vijana wenye simu zinazorekodi si mahali pa kutamka neno la hasira utakalolijutia. Ikiwa waliokuzunguka wameanza kusukumana, ondoka mapema kwa mlango wa pembeni uliouona ulipoingia. Hakuna jibu la mgombea linalostahili mtu aumie.

Mgombea asipofika

Wengi huinuka na kwenda zao wakisikia kwamba mtu wao haji. Baki. Aliyekuja peke yake hupata muda mrefu zaidi, na muda mrefu humfichua mtu: dakika 20 za kwanza ni hotuba aliyoizoea, kisha akiba humwishia na anaanza kujibu kweli. Huu pia ndio wakati ambapo wasikilizaji hupata maswali mengi zaidi, kwani waandaaji wana pengo la kujaza. Kwa aliyekosa kufika, andika swali lako pamoja na jina lako na tarehe, ulipeleke katika ofisi yake ya kampeni, na uombe nakala yako igongwe mhuri au itiwe sahihi na aliyelipokea.

Baada ya mdahalo

Kesho yake asubuhi, ukiwa umelala, na hasira au shangwe imetulia, chukua madai matatu makubwa uliyoyaandika na uyalinganishe na ripoti za Mdhibiti wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu. Ndipo uandike mtandaoni au uzungumze katika chama, kanisa, msikiti au kijiwe chako. Ukituma video, tuma swali pamoja na jibu lote. Kipande cha sekunde kumi kilichokatwa katikati ya sentensi kinamdhulumu mgombea na kinakuondolea wewe uaminifu. Waambie watu wasiokuwapo kile kilichoulizwa kuhusu mtaa wao, maana hilo ndilo watakalotaka kusikia kwanza.

Hifadhi daftari. Baada ya uchaguzi, kaunti hutayarisha mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na kila mwaka makadirio ya bajeti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, wananchi wakiitwa kutoa maoni. Nenda kwenye kikao hicho cha maoni ukiwa na ukurasa wako wa mdahalo. Msomee afisa wa kaunti tarehe ya mdahalo, jina la mgombea aliyeshinda na maneno aliyoyasema, kisha umwombe akuonyeshe ni ukurasa gani wa bajeti wenye pesa za jokofu lile.